Uyoga Huulizwa Kikapuni

Uyoga huulizwa kikapuni, hauulizwi chunguni.

Mmemsikia mama mwenyekiti akilisema neno hilo pale ukumbini, alipowazuia waandaaji wasiifunge mikoba ya wageni wa mkutano wa wauguzi kabla yeye hajaikagua. Nanyi mkacheka, maana hapakuwa na uyoga pale wala chungu, palikuwa na kalamu na karatasi tu. Sasa mnaniuliza limetoka wapi. Haya, vuteni viti. Lakini msikae mkao wa kucheka. Neno hili halikuzaliwa kwenye kicheko, lilizaliwa kwenye hofu, na nitawasimulia jinsi lilivyozaliwa.

Huko kusini, kwenye misitu ya miyombo, mvua za kwanza zikinyesha watu huacha mazungumzo mengine yote wakazungumza uyoga. Asubuhi wanawake huingia msituni na vikapu, mchana vijiji vyote hunukia karanga zilizopondwa na uyoga uliochemka. Ni neema. Lakini ndani ya neema hiyo mna mauti, kwa kuwa uyoga wa kula na uyoga wa kuua huota chini ya mti mmoja, siku moja, kwa mvua moja.

Mwaka mmoja, zamani kabla ya simu za mkononi, familia nzima iliangamia katika wilaya ya Litumbika kwa kula uyoga wenye sumu. Baba, mama na watoto, wote. Habari ilifika mkoani, na amri ikatoka kwamba ifanyike semina ya mabwana shamba, wauguzi na waganga wa zahanati wa wilaya nzima, wafundishwe namna ya kuwaelekeza watu juu ya vyakula vya porini. Kazi ya kuiandaa akapewa afisa kilimo wa wilaya, Bwana Efrem Haule. Alikuwa mtu mwema, ila mwenye haraka. Akisema kesho, ujue alitaka jana.

Bwana Haule alikuwa na karani wake, Kandida Nyoni, mama wa makamo, mpole, mwenye mwandiko mzuri na mkono usiochoka. Huyu ndiye aliyekabidhiwa mikoba. Kila mshiriki alitakiwa apate mkoba wa kitambaa cha kaki, na ndani yake ratiba, daftari, kalamu, kijitabu na bango moja la picha za uyoga. Tena Bwana Haule alikuwa na wazo lake, na lilikuwa wazo zuri. Alitaka mikoba iwafikie washiriki kabla ya semina, wayabandike mabango kwenye zahanati na ofisi za vijiji, wayasikie maswali ya wananchi, ndipo waje mjini wakiwa na jambo la kuzungumza.

Mabango yalichapwa mbali, kwenye mji mkubwa. Kabla ya kuchapa yote, wachapaji walituma nakala moja kwa basi ili ikaguliwe. Bwana Haule aliipokea mlangoni, akaipitisha mezani kwa Kandida.

"Itazame vizuri," alimwambia. "Hasa jina la mgeni rasmi. Unakumbuka aibu ya mara ile."

Kandida aliikumbuka. Katika mkutano uliopita cheo cha mgeni rasmi kiliandikwa vibaya, na mgeni akanuna mpaka chakula cha mchana. Basi akaishika nakala ile, akalisoma jina herufi kwa herufi. Akakisoma cheo. Akalisoma jina la wilaya, la mkoa, na tarehe. Kila kitu kilikuwa sawa. Picha nazo alizitazama, kama mtu anavyotazama picha. Aliona uyoga, akaridhika kwamba ni uyoga. Akaandika pembeni, "Sawa, chapeni," akatia sahihi yake.

Mabango yakaja, yamefungwa kwa kamba, yananukia wino. Kandida alikuwa ameshaipanga mikoba ukutani. Akawa anakunja bango na kulitia mkobani, anakunja na kutia, huku Bwana Haule amesimama mlangoni akitazama nje.

"Gari la dawa linaondoka leo, Kandida. Likituacha, tumekwisha."

Halikuwaacha. Mikoba ikapakiwa juu ya maboksi ya dawa, na gari likatawanya mikoba ile kijiji kwa kijiji, mpaka Kitowero, mwisho wa barabara, pale gari linapogeuzia.

Siku zikapita. Mvua zikaanza, na zikaanza vizuri. Asubuhi moja, mvua imetoka kukatika na mabati bado yanadondosha matone, Kandida alikwenda kuupamba ukumbi wa semina. Alikuwa na mabango yaliyobaki. Akapanda kwenye benchi, akapigilia moja ukutani kwa misumari midogo, akashuka, akarudi nyuma hatua kadhaa aone kama limekaa sawa.

Bango lilikuwa limenyooka. Kilichopinda kilikuwa kingine.

Upande wa kushoto ulichorwa uyoga mweupe pepepe, wenye pete shingoni na kikombe kwenye kitako cha shina. Ndio ule ambao mama yake Kandida alimfundisha tangu utotoni kuupita bila kuugusa hata kwa kidole. Na chini ya picha hiyo, kwa herufi nene za kijani, yaliandikwa maneno: HUU UNALIWA.

Upande wa kulia ulichorwa uyoga wa kichuguu, ule wenye ncha kichwani na mzizi mrefu, ambao wenyeji huuita nyama ya maskini. Chini yake, kwa herufi nyekundu: HUU UNA SUMU.

Picha zilibadilishana mahali.

Kwanza Kandida alidhani macho yake ndiyo yaliyokosea, akasogea, akaipapasa picha kama kipofu. Kisha akalichana bango kutoka ukutani, akalikunja, akalikalia pale kwenye benchi, kana kwamba kuna mtu angeingia na kuliona. Ukumbi ulikuwa mtupu.

Hofu yake ya kwanza, tusimfiche, ilikuwa juu ya nafsi yake. Sahihi yake iko pale, "Sawa, chapeni." Atafukuzwa. Atafikishwa mahakamani. Akajaribu kujituliza: wenyeji wanaujua uyoga wao, watalicheka bango na kulitupa. Lakini utulivu ule haukukaa. Aliwakumbuka wale waliozikwa mwaka uliopita, majeneza yao yamepangwa kwa urefu, la baba mpaka la mtoto wa mwisho. Akainuka, akaenda ofisini.

"Mzee," alisema, "mabango yamekosewa."

Bwana Haule aliinua kichwa. "Jina la mgeni rasmi?"

"Afadhali lingekuwa jina."

Akalikunjua bango mezani. Bwana Haule alilitazama, akavua miwani, akaivaa tena, akalitazama mara ya pili. Jasho lilimchuruzika ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Wenyeji wetu wanaujua uyoga," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Hakuna mama wa huku atakayeuchuma huo mweupe."

"Wenyeji, ndiyo. Na wasio wenyeji? Walimu waliohamishiwa huku? Askari wa misitu? Watoto wanaosoma kila kinachobandikwa ukutani?"

"Semina iko karibu, Kandida. Tutawaambia wote kwa pamoja, kwa utaratibu. Tukianza kukimbizana vijijini leo, habari itafika mkoani kabla yetu. Unajua nitakachoulizwa? Unajua utakachoulizwa wewe?"

"Najua, mzee. Tangu nilione naliogopa hilo. Lakini mvua imenyesha jana, imenyesha leo. Watu hawatasubiri semina ndipo wale. Wanakula leo."

Bwana Haule aliufunika uso wake kwa viganja. Alipovitoa, Kandida aliona kwamba na yeye anaogopa, na kwa namna fulani hilo lilimtisha zaidi kuliko kama angemkaripia. Alifungua mtoto wa meza, akatoa funguo za pikipiki.

"Mwite Fokas akuendeshe. Shika njia ya Kitowero. Mimi nitachukua gari niende upande wa pili. Usirudi ukiliacha bango hata moja ukutani."

Fokas, dereva wa idara, alikuwa mtu wa maneno mengi. Siku zote pikipiki yake ilikuwa kama redio. Lakini Kandida alipomweleza, alijaza mafuta, na hakufungua mdomo mpaka walipoacha nyumba za mwisho za mji.

Njia ilikuwa tope jekundu. Na njiani, ole wake Kandida, watu walikuwa wanatoka msituni. Wanawake na vikapu kichwani, wasichana na ndoo, wazee na mifuko. Kila waliyekutana naye, Kandida alimgonga Fokas begani asimame.

"Hodi wenzangu. Naomba niuone uyoga wenu."

Wanawake walishangaa. Mtu hasimamishwi njiani akaguliwe uyoga. Wengine walidhani ni ushuru mpya wa serikali, wakavifunika vikapu vyao kwa khanga. Lakini walipouona uso wake walivishusha. Kandida alitia mikono, akapekua, akauinua mmoja mmoja, akautazama shingoni, akautazama kitakoni. Wa kichuguu. Wa kichuguu. Ule mwekundu wa kula. Wa kichuguu. Akashukuru, akapanda tena nyuma ya Fokas, akapumua kidogo, kisha mbele yake akaona wengine wanatoka msituni.

Katika kijiji cha Mahindo, bwana shamba alikuwa hajaufungua hata mkoba wake. Ulikuwa unaning'inia msumarini na vumbi lake. Kandida nusura amkumbatie kwa uvivu wake. Katika kijiji cha Ngalinje, muuguzi alikuwa ameubandika mlangoni mwa zahanati uongo ule, lakini wanawake wa pale walikuwa wameligeuza bango likatazama ukuta.

"Walicheka sana, dada," yule muuguzi alisema. "Wakauliza, serikali imekosa njia nyingine ya kutupunguza?"

Kandida hakucheka. Alilibandua, akalikunja, akalitia mkobani. Kila kijiji alichokiokoa kilipaswa kumpunguzia hofu, lakini hofu ilizidi, kwa sababu kila kijiji kilichopita salama kilikisogeza karibu kile kimoja ambacho hakijafikiwa. Alijikuta anaisali sala moja bila kuimaliza, anafika katikati, anaanza upya.

Kitowero walifika mchana, jua limetoka, ardhi inafuka mvuke. Bango lilikuwa ukutani pa zahanati, limebandikwa vizuri kwa gundi, kwenye kivuli ambapo wagonjwa husubiri. Mganga wa zahanati, Ponsiano Komba, akatoka kuwapokea na tabasamu.

"Karibuni. Bango lenu limependwa mno! Asubuhi hii mke wa Mwalimu Magesa alisimama hapa akalifuatisha kwa kidole, neno kwa neno. Wao ni wa huko ziwani, uyoga hawaujui, wanajua samaki tu. Amefurahi, maana sasa..."

"Yuko wapi?" Kandida alimkatiza.

Tabasamu la Ponsiano likayeyuka. Alilitazama bango, akamtazama Kandida, akalitazama tena bango. "Mimi nililitilia shaka," alisema taratibu. "Nikajiambia, wataalamu wanajua zaidi."

"Yuko wapi, kaka?"

"Nyumba za walimu. Ya mwisho."

Hawakuipanda pikipiki. Walikimbia.

Harufu iliwapokea kabla ya nyumba, harufu ya karanga na kitunguu na uyoga unaochemka taratibu. Ilikuwa harufu nzuri, na uzuri wake ndio uliomkata Kandida maini. Mke wa mwalimu, mama kijana aitwaye Nyangeta, alikuwa ameinama jikoni, mwiko mkononi, na chungu kinatokota mbele yake juu ya mafiga.

"Karibuni wageni!" alisema akiinuka, akijifuta mikono. "Mmekuja siku njema. Leo nimeingia msituni mwenyewe. Majirani wamenigawia mpaka nimeona haya, nikasema, sasa serikali imetuonyesha, na mimi nikachume, niwarudishie."

Kandida hakuweza hata kumwamkia. "Mama, umechuma uyoga gani?"

"Ule ule wa bangoni. Mweupe. Ulikuwa umejaa, hata sijui kwa nini wenzangu waliuacha."

Fokas aliuondoa moto chini ya chungu kwa mguu, vijinga vikatawanyika. Kandida alipiga magoti, akaunyakua mwiko. Ndani mlikuwa na vipande, vimekatwa vidogo vidogo kwa mkono wa mpishi mzuri, vimeiva, vimekuwa rangi ya udongo, vimevaa karanga. Alichota, akapuliza, akatazama. Akachota tena. Alitafuta pete ya shingo, alitafuta kikombe. Labda, alijiambia, labda alichanganya, labda huu mweupe ni mwingine, iko aina nyeupe inayoliwa, labda ndiyo hii. Kila kipande kilifanana na mwenzake. Alizidi kukoroga, machozi yanamdondokea chunguni.

Mlangoni alikuwa amesimama Bibi Makrina, jirani wa nyumba ya pili, aliyekuja kuona wageni wenye haraka ni akina nani. Alimtazama Kandida akipekua chungu.

"Unatafuta nini humo, mwanangu?"

"Natafuta kujua ni uyoga gani, bibi."

"Acha." Bibi Makrina alimshika mkono, akautoa mwiko polepole. "Uyoga huulizwa kikapuni. Hauulizwi chunguni. Humo wote umekwisha kuwa mchuzi, hautakujibu."

Kisha yule bibi akazunguka nyuma ya jiko, mahali Nyangeta alipokuwa amekaa kukata. Akarudi ameshika vitako vya mashina katika upindo wa khanga yake. Vilikuwa vimekatwa na kutupwa kwa sababu vina udongo. Na kila kimoja kilikuwa na kikombe chake, kizima, cheupe.

Nyangeta aliwatazama mmoja mmoja, na kwa kuwa hakuna aliyesema, akaelewa.

"Nyamisi," alisema. Kisha akapiga kelele. "Nyamisi! Nimemtilia kibakuli! Alilia njaa, nikamtilia kibakuli akaondoka nacho!"

Nyamisi alikuwa binti yake wa pekee, bado hajaanza shule. Walitoka wote, wakatawanyika, na kijiji kikajaa jina lile. Kandida alikimbia upande wa kisima, akiita, akitazama nyuma ya kila nyumba, chini ya kila kihenge, na kila alipoona mtoto amelala kivulini alimgeuza amtazame uso. Walimkuta nyuma ya kisima, amekaa mchangani, anachimba kijumba kwa kijiko. Kibakuli kilikuwa pembeni yake, kikavu, kimerambwa.

Nyangeta alimnyanyua kwa mikono miwili. "Umekula wote?"

Mtoto alimtazama mama yake, akitafuta kujua kama amekosa. Kisha akatabasamu.

"Nimeula wote. Mtamu, mama."

Fokas alikwisha kuileta pikipiki. Akampakia Nyangeta na mtoto kifuani pake, wakaondoka kuelekea hospitali ya misheni, tope likiruka nyuma yao. Nafasi ya mtu mwingine haikuwapo. Kandida alibaki Kitowero, na pale ndipo lilipomwangukia jambo aliloliogopa kuliko kufukuzwa kazi. Alipaswa kumngoja baba wa mtoto atoke shuleni, ng'ambo ya kijiji, amwambie.

Mwalimu Magesa alikuja amejaa chaki mikononi. Kandida alimwambia yote, wima, bila kuficha sahihi yake. Mwalimu hakumtukana. Alimsikiliza, akaitazama mikono yake, akaipangusa kwenye suruali taratibu sana, kana kwamba kwanza ilipasa iwe safi.

"Panda," alisema, akaileta baiskeli. Akakanyaga njia nzima, Kandida amekaa nyuma.

Hospitalini walimkuta Nyamisi ameshatapishwa, ametundikiwa dripu, na anacheka. Alikuwa anamwonyesha mama yake mjusi ukutani. Kandida alipomwona anacheka alishika nguzo ya kitanda na kusema, "Mungu ni mwema, amepona."

Sista Imelda, aliyesimamia wodi ile, alimvuta kando.

"Usiseme hivyo bado. Uyoga huo ni mnafiki. Humwacha mtu acheke kwanza."

Na ilikuwa kama alivyosema. Kulipokucha mtoto alianza kujikunja. Alitapika mpaka hakuna cha kutapika. Macho yakawa manjano, midomo ikakauka, akaacha kumwita mama, akawa anaita maji. Nyangeta mwenyewe, aliyeonja kwa ncha ya mwiko, aliumwa tumbo lakini alikataa kitanda, akakaa sakafuni ameshika mguu wa mwanawe. Kandida alikaa nje ya mlango. Hakuthubutu kuingia, hakuthubutu kuondoka. Kila viatu vya Sista viliposikika vinakuja haraka, alifumba macho. Alikuwa akijiuliza jambo moja tu: ingekuwaje kama angezitazama zile picha kwa kitambo kile kile alicholitazama jina la mgeni rasmi?

Siku moja Nyangeta alitoka nje kuteka maji, akamkuta pale pale.

"Nisamehe, mama," Kandida alisema.

Nyangeta alimtazama kwa macho yaliyovimba. "Mwanangu akipona nitakujibu."

Akaenda zake na ndoo.

Nyamisi alipona. Sikuwaahidi hilo tangu mwanzo, maana hata Kandida hakuahidiwa na mtu. Alipona pole pole, kama moto wa kuni mbichi: leo ameshika kijiko, kesho amekiacha, keshokutwa ameomba uji. Sista Imelda alisema kilichomwokoa ni kule kufikishwa mapema, sumu ikiwa bado haijajificha mwilini. Siku aliyoshuka kitandani na kutembea mpaka mlangoni, Nyangeta alimfuata nyuma, akamkuta Kandida.

"Ulitaka nikujibu," alisema. "Nimekuwa nikikuchukia kila siku humu ndani, sitakudanganya. Lakini nimefikiri. Ungekaa kimya kule mjini kwenu, ningemzika mwanangu nisijue kilichomuua. Na baada ya matanga ningepika tena chungu kile kile, nimlishe baba yake." Akamshika Nyamisi mkono. "Kwa hiyo nimekusamehe. Ila karatasi yako usiniletee tena."

Semina ilifanyika, ikiwa imechelewa; upande alikopita Bwana Haule hakuna aliyekuwa ameula uyoga ule. Mabango mapya yalikuwa yamechapwa, na safari hii yalitazamwa na Kandida, na Bwana Haule, na akina mama wa sokoni, na kila aliyepita mbele ya ofisi na macho mawili. Mgeni rasmi alikuwapo. Kabla ya kuanza, Bwana Haule alimnong'oneza Kandida kwamba atasema kosa lilikuwa la wachapaji, na kwamba huo hautakuwa uongo. Kandida alitikisa kichwa. Akaenda mbele.

"Picha zilibadilishwa na wachapaji," aliwaambia washiriki. "Lakini nakala ilipita mezani kwangu, nikaisoma herufi nisiitazame. Halafu nikawagawieni. Kitu kikiwa bado mkononi mwangu ningeweza kukiuliza swali lolote. Kilipofika kwenu, kikabandikwa, kikachumwa, kikapikwa, nilikwenda nikapekua chungu kwa mwiko, na mzee wa Kitowero akaniambia neno ambalo nataka mrudi nalo vijijini kuliko vyote vilivyomo kwenye mikoba hiyo."

Akawaambia neno la Bibi Makrina. Ponsiano wa Kitowero, aliyekaa mstari wa nyuma, aliinamisha kichwa, kisha akawa wa kwanza kuufungua mkoba wake pale pale, akatoa kilichomo, kimoja kimoja, na kuanza kukisoma. Wengine wakafuata. Kwa muda kilichosikika ni karatasi tu zikifunuliwa, na mgeni rasmi mwenyewe aliomba apewe miwani yake.

Kandida hakufukuzwa, ingawa alipewa barua kali aliyoistahili. Alifanya kazi mpaka alipostaafu, na mikoba mingi ya mikutano ilipita mikononi mwake. Watu wanasema hakuizoea kamwe. Kila gari lilipoondoka na mzigo aliouandaa, alisimama barabarani mpaka vumbi litulie, na aliyekuwa karibu naye alimsikia akijiuliza kwa sauti ndogo kama ameuliza yote ya kuuliza. Wale washiriki nao walilibeba neno lile, wauguzi wakawaambia wauguzi, waganga wakawaambia waganga, mpaka likafika huku kwetu, kwa mama mwenyekiti wenu.

Na maana yake si ngumu. Jambo likiwa bado kwako, litazame, ligeuze, libishie. Barua haijatumwa, dawa haijagawiwa, ahadi haijatamkwa, hapo ndipo mahali pa swali, na swali halimkeri mtu. Likishatoka likachanganyika na maisha ya watu, utalikoroga kwa mwiko na machozi, nalo halitakujibu.

Ndiyo maana kule kusini mpaka leo hawamwambii mtu, "Kuwa mwangalifu." Humwambia: uyoga huulizwa kikapuni, hauulizwi chunguni.